H Si ya Hanang

Mpendwa mshauri wetu Shangazi Shumbana, shikamoo. Msaada ninaouomba leo sijui kama kuna mwanamke mwingine amewahi kukuomba tangu uanze kujibu barua katika ukurasa huu, maana wenzangu wanakuandikia kuhusu waume wanaotoka nje ya ndoa, na kwangu mimi anayetoka ni mimi mwenyewe, ila natoka na ndoano. Usicheke, shangazi. Naitwa Efrazia, ni mkulima hapa Hirbadaw, nina watoto, mume wangu ni Qamara na sina baya lolote la kumsema, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu angekuwa mume mkorofi ningeshajua la kufanya.

Nianzie mwanzo ili unielewe. Mimi nilizaliwa Basotu, ziwa liko pale chini ya nyumba yetu, kwetu kuvua ni kazi ya kawaida kama kuchota maji, nimekua nikivua kwa mshipi wa mkono, uzi tu na ndoano na mnyoo, halafu nikaolewa huku kwenye ukoo ambao mtu anazaliwa mpaka anazeeka hajaonja samaki. Kwao samaki ni nyoka wa majini, basi. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, alinitengea sufuria ya samaki mara tu nilipofika, na sufuria hiyo inalala nje nyuma ya zizi, nami nimeridhika, navua kwenye bwawa la kijiji, napika huko huko nje, nakula na watoto, na Qamara anakaa upande unaotokea upepo ili harufu isimfikie. Tumeishi hivyo kwa amani na hakuna aliyemkwaza mwenzake.

Sasa mvua za msimu uliopita zilikuwa nyingi, bwawa likajaa, matete yakazunguka kingo zote, na perege wakahamia kwenye maji ya wazi huko katikati ambako mshipi wangu haufiki hata nikirusha mpaka bega liume, na wakati huo huo ndipo kigango chetu kikawa kinapanga Jumapili ya mavuno. Kila familia ikawa inataja itakacholeta mbele ya altare, huyu mahindi, huyu maharage, huyu jogoo, na jirani yetu Gidabuday, mtu wa utani sana, akasema kwa sauti, "Na nyumba ya Qamara je? Mtatuletea wale nyoka wa bwawani?" Kanisa zima likacheka. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, lakini Qamara, mtu ambaye hajawahi kusema neno katika mkutano wowote wa kigango, alisimama akasema, "Ndiyo. Mwaka huu nyumba yangu italeta samaki. Mke wangu atawavua, na mimi nitawabeba." Halafu akakaa, na kicheko kikaisha.

Shangazi, nilitamani kumkumbatia pale pale mbele ya katekista. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Unahitaji nini?" Nikamwambia nahitaji fimbo ya kuvulia, ile yenye rili ya kuzungushia uzi, inayorusha mbali. Siku ya mnada wa Katesh akaondoka asubuhi peke yake, hakutaka niende, alisema zawadi haichaguliwi na anayepewa.

Aliporudi alitukusanya uani, mimi na mama yake na watoto na majirani waliokuwa wanapita, akatusimulia jinsi alivyochagua. Dukani kwa Zubery kulikuwa na fimbo za aina tatu. Akaishika ya kwanza, akaikandamiza chini kama anavyojaribu fimbo ya kuchungia ng'ombe, ikapinda. Ya pili nayo ikapinda. Akamwambia Zubery, "Fimbo inayopinda hivi huyu samaki si atanicheka?" Ya tatu akaikandamiza, haikutikisika, na hapo akaona zaidi ya hilo kwamba juu ya mpini imeandikwa herufi H. "Nikajua hii ndiyo yetu," akasema. "H ni Hanang, wilaya yetu. Ile ya M ni ya watu wa Mbulu. Ya L sikumuuliza, labda wanauziwa Lushoto." Na Zubery alikuwa anacheka tu huku anafunga mzigo. Juu ya fimbo hiyo akanunua rili kubwa kabisa dukani, akaijaza uzi mnene ambao ungeweza kumfunga ndama, kisha akakikaza kwa koleo kifundo cha mbele ya rili kinachozuia uzi usitoke, akaniambia, "Nimekaza vizuri, akishika hapa hakimbii tena." Mwisho akaipaka samli tangu juu mpaka chini, kama fimbo mpya ya mwanamume inavyopakwa, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya mama yake.

Haivui, shangazi. Nimeijaribu kila nilipopata nafasi. Chambo chepesi hakiruki, kinaanguka kwenye matete mbele ya miguu yangu. Nikiweka risasi nzito ya kuzamisha chambo inaruka kidogo, lakini inatua kwa kishindo na perege wote wanatawanyika, na hata akidonoa sisikii kitu mkononi, kama nimeshika mpini wa jembe. Mara moja tu nilimnasa mmoja, nikamvuta, fimbo haikulegea na uzi haukulegea, mdomo wake ukachanika akaondoka. Na kila nikirudi Qamara ananisubiri zizini na kuniuliza, "Hanang imefanya kazi?" nami namjibu, "Inafaa sana, ni samaki tu leo wana uvivu."

Ninajua inayofaa ikoje, maana nilipokwenda Basotu kumsalimia mama, binamu yangu Joakimu aliniazima ya kwake nikairusha mara kadhaa, ilikuwa nyembamba na nyepesi, inapinda kama upinde, na chambo kikaruka mpaka nikashtuka mwenyewe. Nikapitia kwa Zubery, nikaikuta ile ya L bado ipo, nikamwomba aniwekee. Jirani yangu Oliva ananishauri niuze kuku, niichukue kimya kimya, niifiche ghalani chini ya magunia, niwe natoka nyumbani na ya mume wangu begani halafu navulia nyingine, na siku ya mavuno niseme nimevua kwa ile aliyoninunulia, kila mtu afurahi. Mimi naona kama naanza kuwa na bwana wa pili, na bwana mwenyewe ni kijiti. Lakini nikisema ukweli nitamvunja moyo mtu aliyesimama kwa ajili yangu mbele ya kanisa zima, na nikinyamaza hakutakuwa na samaki, na Gidabuday atamcheka mpaka tunazeeka. Nichague fimbo gani na rili gani, na nifanye nini na mume wangu? Nisaidie shangazi, mavuno hayako mbali.

Efrazia,
Hirbadaw.

Shangazi Shumbana anajibu:

Marahaba, Efrazia. Nimecheka, usinikataze kucheka kwenye ukurasa wangu, na nilipofika pale alipoipaka samli nikaacha kucheka. Una mume wewe. Kuna wanawake wanaosoma ukurasa huu ambao wangebadilishana nawe leo hii, wachukue na fimbo mbovu pamoja naye.

Umebahatika kuniandikia mimi. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua, mimi na marehemu mume wangu tuliuza nyavu, ndoano na fimbo hapo hapo Katesh, na Zubery alikuwa bado anatumwa soda. Kwa hiyo kwanza nikujibu kama mfanyabiashara, halafu nitakugombeza.

H si ya Hanang. Ni herufi ya Kiingereza, inasema fimbo ni nzito na ngumu, imetengenezwa kwa samaki wakubwa na risasi nzito. M ni ya wastani. L ni nyepesi. Perege wa bwawani anataka nyepesi, na kama Zubery anayo yenye ML, yaani iko katikati ya nyepesi na wastani, chukua hiyo, kwa sababu siku kambare mdogo akipita itamhimili pia. Urefu wake futi sita, sita na nusu, basi, ili uweze kuirusha juu ya matete bila kukuchosha mkono. Karibu na mpini pameandikwa gramu, ni uzito wa chambo inachoweza kurusha. Tafuta inayoanzia chini, gramu tano au hata tatu. Hiyo yako nina hakika inaanzia mbali huko, ndiyo maana inakutemea chambo miguuni.

Fimbo ya ng'ombe kazi yake ni kutopinda. Fimbo ya samaki kazi yake ni kupinda. Mume wako hakuwa mjinga hata kidogo, alitumia akili ya kazi anayoijua kwa kazi asiyoijua. Kupinda ndiko kunakorusha chambo, kupinda ndiko kunakokwambia kuwa samaki amedonoa, na samaki akivuta, ile fimbo inapokea nguvu zake badala ya mdomo wake kuzipokea zote na kuchanika.

Rili nayo usichukue dude kubwa. Zimeandikwa namba ubavuni, chukua 2000 au 2500, inatosha kabisa kwa maji ya bwawa. Ukiwa dukani izungushe mkono polepole karibu na sikio, ukisikia inasaga kama ina mchanga, irudishe. Fungua kile kichuma kinachofunguka kama mshikio wa ndoo, kifunge tena, kiwe kinafunga bila kulazimishwa. Uzi wa nailoni, mwembamba, robo milimita au pungufu kidogo, na bobini inayobeba uzi ijazwe mpaka karibu na ukingo, isiwe nusu. Uzi ukiwa kidogo unasuguana na ukingo na haufiki mbali. Mkono wa kuzungushia unahamishika upande wowote unaoutaka, usikubali mtu akwambie umekosea upande. Halafu chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa mahali, pete hiyo ina ufa na itakukatia uzi siku ya samaki wa maana. Mwisho funga rili kwenye fimbo, uilaze kidoleni mbele kidogo ya rili. Ikikaa bila kuanguka mbele wala nyuma, hiyo haitakuchosha.

Na kile kifundo cha mbele. Weka koleo mbali! Kinatakiwa kulegezwa mpaka uvute uzi kwa mkono na utoke kwa shida kidogo, bila kukatika. Samaki akivuta, mwachie uzi utoke, akichoka, zungusha. Miezi hii ni ya baridi, usiende alfajiri kuganda bure, subiri jua lipashe maji ndipo urushe.

Sasa nakuja kwako. Huyo Oliva wako ni rafiki mzuri lakini ushauri wake ni mbovu. Fikiri vizuri, mama. Unachukua fimbo ya siri, unavua, unasema ni ile ya mume wako. Jumapili ya mavuno Qamara anasimama mbele ya altare na mbele ya Gidabuday na kuisifia kwa moyo wote fimbo ambayo haijavua hata dagaa. Utakuwa umemfanya mume wako aseme uongo kanisani bila yeye kujua. Na siku atakapoyavuta yale magunia ghalani, atakuwa ameaibika mara mbili, mara moja kwa kukosea na mara moja kwa kudanganywa. Mtu aliyesimama peke yake kwa ajili yako hastahili hayo.

Tena wewe unasema unaogopa kumuumiza, lakini kila jioni anakuuliza swali la kweli na wewe unamjibu uongo kuhusu samaki wavivu. Unamfanya mtoto. Mwanamume anayeweza kusimama wakati watu wote wanamcheka anaweza kusikia kwamba amenunua fimbo isiyofaa. Ukubwa wa moyo wake umeuona kwa macho yako, kwa nini huuamini?

Fanya hivi. Usimwambie mbele ya mama yake, usimwambie akiwa ametoka shambani amechoka, na usianze na neno "umekosea". Mchukue mchana mwende bwawani wawili tu. Mwekee chambo chepesi, mpe ile H yake, mwambie, "Hebu rusha." Usiseme kitu kingine. Akisharusha na kuona mwenyewe, ndipo umwambie ukweli wote, pamoja na habari ya ile ya L uliyoiwekesha kwa Zubery. Wote, usibakishe. Kisha nendeni mkachague wote wawili, kwa sababu zawadi inaweza kuchaguliwa na anayepewa, hakuna sheria inayokataza.

Na ile H usiiuze! Weka risasi nzito na kipande cha nyama, itupe karibu na matete kwa ajili ya kambare wakubwa, utaona kazi yake. Nenda sasa hivi, usingoje Jumapili ikukute.

Barua hiyo na majibu yake sisi wahariri tulishavichapisha, na tulidhani yameisha. Juzi ikaja hii.

Shangazi Shumbana, shikamoo tena. Nimefanya ulivyosema, na nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka samaki, ni furaha tupu.

Tulikwenda bwawani mimi na Qamara, nikamwekea chambo, nikamwambia arushe. Akavua koti, akajipanga kama mtu anayetaka kupasua gogo, akarusha kwa nguvu zake zote, na chambo kikaanguka karibu na viatu vyake. Akarusha tena, kikanasa kwenye matete. Akarusha mara nyingine, ndoano ikarudi nyuma ikashika koti lake lililokuwa kwenye majani. Nilijizuia nisicheke mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Aliitazama ile fimbo muda mrefu, akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unateseka hivi kila siku?" Nikamwambia ukweli wote, habari ya L na Joakimu na ushauri wa Oliva na uvivu wa samaki. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema niliogopa kumuumiza. Akasema, "Nimeumia sasa, kwamba ulifikiri siwezi kuambiwa." Shangazi, nikamshika mkono tu, na tukakaa pale mpaka akaanza kucheka mwenyewe kwa sababu ya koti.

Katesh tulikwenda pamoja. Duka lilikuwa limejaa watu, nami nilitaka tungoje wapungue, lakini Qamara akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Zubery, nilikosea. Nipe ile inayopinda." Zubery akamuuliza, "Na ile ya Hanang umeipeleka wapi?" Akamjibu, "Ipo nyumbani. Hanang sasa tuna mbili." Watu walicheka naye, hawakumcheka yeye, na hilo nililiona waziwazi. Zubery alikuwa ameleta na za ML, tukaiacha ile ya L, nikaikagua ML kama ulivyoniagiza, pamba kwenye kila pete, rili sikioni, na pete moja ya fimbo ya kwanza ikanasa pamba, Zubery akabadilisha bila kubisha. Qamara ndiye aliyeilaza kidoleni. Ilitulia, akaniambia, "Hii imesimama kama mizani."

Halafu ikafika siku yenyewe, kesho yake ni mavuno. Jua lilipopasha maji nikarusha, na chambo kikaruka juu ya matete, kikapita magugu, kikatua kwenye maji ya wazi bila kelele. Nilipiga kelele mimi. Perege wa kwanza akaja, wa pili, ndoo ikaanza kuwa nzito, na Qamara amesimama nyuma yangu anasema tu "eeh, eeh", kila nikitoa mmoja. Kisha akashika mkubwa. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, rili ikalia, uzi unatoka, na mume wangu akaruka juu, "Kaza! Inavunjika hiyo! Kaza mama!" Nikamwambia, "Niachie, acha aende." Nikamwachia, nikazungusha, nikamwachia tena, mpaka akachoka akaja amelala ubavu juu ya maji, perege ambaye hata Basotu sijamwona mkubwa namna ile. Qamara ambaye hajawahi kugusa samaki aliingia majini na suruali yake akamnyanyua kwa mikono yake miwili, akawa anapiga makelele kama tumepata mtoto.

Jumapili katekista akaita familia ya Qamara. Kama alivyoahidi, akabeba ndoo yeye, samaki tumewalaza hai humo majini, maji yanaruka kwenye shati lake jeupe, na yule mkubwa anapiga mkia mpaka watu wa mbele wakajifuta uso. Mimi niko nyuma yake, vigelegele vimeanza upande wa kina mama. Tulipofika mbele Gidabuday akasimama aone vizuri, akauliza, "Qamara, hawa umewavua wewe?"

Sasa shangazi, lazima nikueleze kitu kimoja. Wazee wa ukoo wa mume wangu wakifika uani hawaulizi kama baba yupo. Wanauliza, "Mwenye fimbo yupo?" Maana yake mwenye nyumba, na hakuna mwanamke niliyewahi kusikia anaitwa hivyo. Wazee wote hao walikuwa kanisani, wamekaa upande wa kulia, wanasikia. Qamara aliweka ndoo chini, akageuka ili kila mtu amsikie, akasema, "Mimi ni mbebaji tu. Mwenye fimbo ni huyu hapa." Na akanishika bega akanisogeza mbele.

Wazee wakatazamana, nikaogopa. Halafu mama mkwe wangu, aliyenitengea sufuria, akapiga kigelegele peke yake, kirefu, na kanisa zima likamfuata. Kwenye mnada wa sadaka za mavuno baada ya ibada, yule mkubwa aligombewa kuliko ng'ombe, na aliyemchukua ni Gidabuday, akanijia nyuma ya kanisa amembeba kwenye mfuko, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, nampikaje?"

Asante shangazi.

Efrazia.

Shangazi Shumbana anajibu:

Efrazia, hapa sina cha kukushauri zaidi ya kuitunza rili hiyo: ifute ikauke, ilegeze kile kifundo kabla ya kuiweka, na tone la mafuta ya cherehani mara moja moja. Wewe na mama mkwe wako endeleeni hivyo hivyo.

Neno langu ni kwa Qamara. Mwanangu, kila wiki napokea barua za wanaume wanaouliza wafanye nini ili waheshimiwe ndani ya nyumba zao, na nimewajibu kwa njia zote ninazozijua. Sasa nimeacha kuwajibu. Nimeikata barua ya mke wako nikaibandika ukutani karibu na meza yangu ya kazi, na mwanamume yeyote anayekuja kuniuliza swali hilo namwambia asome kwanza, mpaka mwisho, kwa sauti.